Mashine Iliyoniamkia

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka. Blogu yangu ya habari za teknolojia ya ukanda wetu ina wasomaji wawili, na mmoja ni mimi, nikiingia kwa simu ya mke wangu. Wa pili simjui, Mungu amweke. Jirani yangu, Mstaafu wa Posta, naye ana blogu ya mambo hayohayo, na husomwa hadi na wenye makampuni. Leo kaniuliza dukani, mbele za watu, kama bado nahangaika na kale kablogu kangu. Nikamjibu kuwa nina habari nzito, naisubiri iive. Sina. Nina kiuno kinachouma na makala kuhusu waya.

Jumanne, 4 Juni
Imeiva! Binti yangu katoka kazini, kajitupa kwenye kochi, vidole kavitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Kampuni yao ndiyo inayojigamba ukanda mzima kwa akili bandia inayojibu maswali ya wateja mtandaoni. Nikamuuliza vidole vimefanya nini.
"Baba, hiyo mashine ni sisi," akasema. "Tumefungiwa chumba cha nyuma, tunachapa majibu tangu asubuhi."
Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Na sikumwambia mtu. Nimeandika tu.

Jumatano, 5 Juni
Wasomaji wamefurika! Mstaafu kaja hadi mlangoni, sauti imelainika kama ya mposaji, anataka kujua nani kanipa habari. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi. Mke wangu akaropoka kuwa siri yenyewe itarudi jioni na njaa yake.
Ikarudi. Wateja wameshinda kutwa wakiisumbua ile mashine kwa maswali: imekula? imeolewa? Binti ikambidi ajibu kuwa mashine haili, na tumbo lake linanguruma. Bosi anamsaka aliyetoboa siri, akimpata ni barabarani. Na mshahara wa binti ndio unaoiendesha nyumba hii, bando la blogu likiwemo. Blogu haina jina langu na binti hajawahi kuifungua, hivyo hajajua kuwa ni mimi. Nimekwenda kulala na viatu.

Alhamisi, 6 Juni
Nina mpango. Nitaandika kwamba nimeipima mashine kwa mkono wangu na ni mashine kweli. Bosi atapoa, binti atapona, yaishe.
Nikaingia kwenye tovuti yao. Nikachapa kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, ndivyo nilivyozoea: wewe ni mtu au mashine? Ikajibu ni mashine, inisaidie nini. Hapo ningetoka, ningekuwa mtu wa maana. Lakini mzee mzima nimekaa, kidude kinanijibu bila salamu! Nikaikaripia. Malezi gani haya, mtu wa rika langu anaingia, hata shikamoo hakuna?
Vinukta vikacheza kwenye kioo. Kisha:
"Shikamoo, baba. Sasa toka humu kabla sijafukuzwa."
Chumba kizima cha wachapaji, nikaangukia kwake. Nikaandika marahaba. Nikatoka.

Ijumaa, 7 Juni
Kumbe bosi huyasoma mazungumzo yote. Asubuhi kamwita binti. Nimeshinda kibarazani nikichungulia njia. Jioni karudi, kanipita kama nguzo, akamsimulia mama yake. Nikategea sikio.
Bosi alimuuliza: mashine imempata wapi baba, na inaogopa kufukuzwa na nani? Binti akamjibu kwa macho makavu kwamba alikuwa anaifunza adabu. Wazee waamkiwe, na mashine ijitie unyonge kidogo ili wateja waache kuitukana. Bosi akayasoma tena yale maneno. Akasema hili hata mataifa makubwa hayajaliwaza. Basi kuanzia leo mashine itamwamkia kila mteja, kisha itamlilia kuwa inaogopa kufukuzwa. Wenzake wamemnunia, maana maneno ya kuchapa yameongezeka.
Kazi anayo. Nikashusha pumzi. Muda si muda nikaona Mstaafu kaandika makala ndefu kuusifia uvumbuzi huo, na kaalikwa kwenye uzinduzi. Mimi niliyeizaa ile salamu, hata soda sikuitiwa!

Jumamosi, 8 Juni
Binti kanikalisha chini, blogu yangu iko wazi kwenye simu yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.
"Baba, nilikuwa nakusimulia kwa sababu wewe ni baba yangu," akasema. "Nyumba nzima, mtu wa kumsimulia nilikuwa na wewe tu."
Nikafungua kompyuta, nikaifuta blogu mbele yake, makala baada ya makala, hadi ile ya waya. Ile ya waya iliniuma.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba imepoa. Binti anakula chumbani kwake. Mke wangu anasema huenda akili imenifikia, ilichelewa njiani tu. Nimemkubalia. Mambo ya kompyuta niwaachie vijana. Watu wa umri wangu wanahitaji kusoma habari za afya.
Kesho mkwe wetu, mke wa kijana wangu, anakuja kukaa nasi wiki nzima. Ni muuguzi kwenye hospitali kubwa. Nasikia akitoka zamu amechoka huongea bila breki. Nimemwekea kiti chenye mto, karibu kabisa na changu.