Upande B wa Kanda ya Ngosha

Redio mpya ya FM ilitangaza kwamba saa nne watapiga kanda nzima ya Ngosha Supastaa, basi kahawa ya Mbaruku pale njia ya Butimba ikagombaniwa asubuhi na mapema. Ngosha mwenyewe, fundi baiskeli wetu, alikuja kachomekea shati.

"Kanda nzima?" akauliza Kija Mwanasheria, ambaye sheria yote kaisomea benchi lile lile la kahawa. "Si una wimbo mmoja? Ulitoka na 'Selina' mwaka themanini na nane, ukaishia hapo."

"Nina nyimbo nane. Nyie 'Selina' ikiisha mnarudisha kanda kwa kalamu. Upande B ndio mkali, sema hakuna aliyewahi kuusikiliza."

"Mimi nimeusikiliza," akasema Maige Redio Mbao. Kanda iliyopelekwa redioni ilikuwa yake. Ngosha hakubaki hata na moja.

"Taja wimbo mmoja."

Maige akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Saa nne 'Selina' ikapigwa, tukaimba kijiwe kizima, Kija kwa sauti kuliko wote. Ulipofika upande B, Ngosha akatuomba tunyamaze. Nikamwonea huruma, maana miaka yote hiyo alikuwa akiingoja dakika hii.

Gitaa likalia kidogo, likakatika. Akawika jogoo. Kisha ikaja sauti tunayoijua.

"Shikamoo mama mkwe. Ni mimi Maige. Namwomba Bernadeta arudi nyumbani. Yule jogoo uliyetupa hakuibiwa, nilimla. Huyu unayemsikia ni wa jirani."

Macho yote yakamgeukia Maige.

"Umerekodi juu ya kanda ya mtu?" Kija akauliza.

"Nilibandika karatasi kwenye vile vitundu vya juu, ikakubali kurekodi. Ilikuwa barua ya sauti ya kupeleka Misungwi kwa wakwe, nikaogopa kuituma, mwisho nikaisahau. Sasa jamani, upande B alikuwa anausikiliza nani?"

Ngosha aliinamia kikombe. Mbaruku akaacha kugonganisha vikombe, na benchi zima tukaona aibu, kwa sababu Maige alikuwa kasema kweli.

"Hiyo ndiyo kanda pekee iliyokuwa imebaki," Ngosha akasema taratibu.

Redioni mtangazaji alishindwa kuzuia kicheko. "Wasikilizaji, simu hazikatiki. Wote wanaomba upande B urudiwe."

Ngosha akachomoa shati, akachukua pampu yake.

"Si niliwaambia upande B ndio mkali," akasema, akaenda zake kuziba pancha.