Foleni Niliyoipanga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya serikali imefika. Fedha za kufundisha madaktari wapya zitagawanywa upya, safari hii kwa haki, yaani kwa kuangalia uhitaji. Miaka yote zimeishia Sydney, ambako madaktari wamejaa tele. Sasa kanda yetu itapata nafasi mbili za madaktari wanagenzi, zote kwa hospitali moja. Ni sisi Wirrabilla au ni wale wa Mulgara, kilomita themanini kutoka hapa. Mkaguzi, Bi Halloran, anakuja Alhamisi.

Mimi ndiye meneja wa hospitali. Nafasi hizo hazinipiti!

Tatizo ni moja: hatuna shida ya kutosha. Tuna madaktari wawili. Mulgara hawana hata mmoja tangu Pasaka, wanatibiwa kwa simu ya video. Wana bahati hao!

Jumanne, 4 Juni

Nimempa Daktari Menon likizo. Akauliza likizo ya nini. Nikamwambia amechoka. Akasema hajachoka. Nikamwambia daktari hajipimi mwenyewe. Kaenda kuvua samaki. Amebaki Daktari Kerslake, miaka sabini na moja, anatembea kama anatafuta sindano sakafuni. Mkaguzi atamwonea huruma.

Jioni nikapita klabu ya hapa mjini. Nimeomba watu ishirini waje kukaa kwenye foleni Alhamisi. Chai na keki juu yangu. Wamejiandikisha thelathini na watatu! Barry Stokes, fundi magari, akauliza augue nini. Nikamwambia achague mwenyewe. Kosa. Amechagua kuumwa mguu na papa. Bahari iko kilomita mia sita.

Jumatano, 5 Juni

Maureen Tully, meneja wa Mulgara, amepiga simu. Nikajua anapeleleza. Kumbe anaomba tuwapokee wagonjwa wake kesho, muuguzi wake wa pekee ana homa. Nikasema walete wote. Foleni itarefuka!

Maureen akasema, “Colin, kaka yangu, sijui nikushukuru vipi.”

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikala pai ya nyama. Haikusaidia, nikala nyingine.

Alhamisi, 6 Juni



Saa tatu asubuhi, baridi kali, foleni imefika hadi maegesho. Barry anaugulia kama ng'ombe. Bi Halloran anaandika ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa na furaha. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Ted Garrity alikuja kutoka Mulgara na binti yake. Mzee mkata manyoya ya kondoo, kifua kinambana. Karani alikuwa amezidiwa, akampa namba thelathini na nne bila kumtazama. Ted akakaa saa nzima na nusu nyuma ya watu wazima wa afya wanaokula keki. Hakulalamika. Hata kiti chake alimpisha Barry, kwa ajili ya ule mguu.

Kisha akaanguka.

Kerslake alikuwa peke yake. Bi Halloran, kumbe aliwahi kuwa muuguzi, akapiga magoti na kuanza kumkandamiza kifua. Akapaza sauti, “Daktari wa pili yuko wapi?” Nikasema anavua samaki. Barry akatimua mbio kuleta mashine ya kushtua moyo. Mguu mzima kabisa.

Helikopta ilipomchukua Ted, akiwa hai, Bi Halloran aligeukia foleni. “Nani kati yenu anaumwa kweli?”

Wagonjwa wa Mulgara tu ndio walioinua mikono. Wa kwetu mmoja alikuwa bado anatafuna.

Binti wa Ted alikuwa amesimama karibu yangu. “Nilimwambia twende mbele, tuombe,” akasema. “Akakataa. Akasema, wenzetu hawa wana hali mbaya zaidi, mwanangu, tungoje zamu yetu.”



Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Maureen kukiri. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru kwa kuokoa maisha ya Ted. Nikamwambia asinishukuru. Akasema niache unyenyekevu. Ikabidi nimweleze yote: klabu, keki, Menon, papa.



“Watu wangu niliwaleta kwako, Colin,” akasema. “Nilikuomba.”

Akakata simu. Afadhali angenitukana. Dukani leo watu wote walikuwa wanasoma maandishi ya makopo ya maharage nilipopita. Sijala.

Jumanne, 11 Juni

Uamuzi umetoka. Nafasi zote mbili ni za Mulgara, pamoja na daktari mwalimu wa kuwasimamia. Ni haki. Nimesema hivyo kwa sauti, ofisini, peke yangu.

Ted ametoka chumba cha wagonjwa mahututi. Binti yake amepiga simu: mzee anatusalimu, na anauliza yule bwana wa mguu anaendeleaje. Nimefunga mlango nikalia. Mtu wa namna yangu hafai hata kukabidhiwa funguo za choo. Nimeapa: uongo basi. Maisha yangu yote.

Saa tisa alasiri, barua nyingine. Mwezi ujao wanagawa nafasi za kufundisha wakunga. Zitakwenda penye wajawazito wengi.

Tunao wanne tu. Nimemuuliza mke wangu tuna mito mingapi nyumbani. Ile midogo, inayoweza kufungwa tumboni.