Chuma Bado Kijana

Jumatatu, 14 Julai

Tajiri wangu Mzee Harilal kaniita stoo. Eti mbwa wangu Chuma kazeeka. Haoni, hasikii, vitenge vitaibiwa. Eti Jumamosi analetwa mbwa mpya, Chuma akapumzike kwangu Magomeni. Kwangu! Chumba kimoja, mwenye nyumba hataki hata kuku. Na kuzeeka wapi? Miaka kumi na nne tu!

Mbwa mpya ni wa Onesphory, kuli mwenzangu. Kaniambia, "Mangi, hata wewe tukutafutie mbadala." Mshenzi.

Saa kumi Chuma kasimama kama kawaida, anatazama kona ya mlangoni, mkia unacheza. Hapo marehemu Matilda wangu alikuwa anatua beseni la chakula, mguu wa kushoto anauburuta. Mbwa alikuwa wake. Kona tupu. Chuma kainamisha kichwa. Manyoya yakalala, kama yanapapaswa. Upepo tu. Ndani ya stoo, lakini upepo.

Jumanne, 15 Julai

Mpango! Nimenunua piko, nimempaka Chuma mdomo mpaka utosi. Mvi kwisha. Mbwa wa mwaka mmoja!

Mzee Harilal kainama, katazama, kashika masharubu yake mwenyewe. Kauliza kwa upole kama ni piko ileile anayopaka yeye. Nikakana. Onesphory kasema bwana harusi kapendeza, bibi harusi yuko wapi? Chiku mama lishe kacheka mpaka kamwaga maharage.

Saa kumi, kona ileile. Baadaye naona piko ya utosini imefutika. Mistari minne, kama vidole. Kajikuna.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mkubwa! Nassibu muuza sidiria kaniazima kispika chake kinachotangaza bei kutwa. Nikaenda gereji ya mtaa wa Gerezani, nikarekodi mbwa wao anabweka. Nikakificha nyuma ya Chuma. Mzee kaingia, nikabonyeza. Chuma akapiga miayo. Kispika kikasema, "Sidiria mbili buku tano! Dada usipite!"

Mzee kacheka mpaka kakaa kwenye robota. Kisha kafuta macho, kaniambia, "Heriel, mwache. Kachoka." Nikamwambia hajachoka, anajinyoosha.

Jioni nikasikiliza nilichorekodi. Mbwa kabweka mara mbili. Halafu sauti ya mwanamke, taratibu: "Chuma. Njoo, baba."

Gereji ile haina mwanamke. Mteja wa Nassibu, bila shaka. Nimefuta.

Jumamosi, 19 Julai

Tangu jana miguu ya nyuma ya Chuma imegoma. Nikamwambia Mzee anafanya mazoezi ya kukaa.

Saa kumi kasimama mwenyewe! Kaenda mpaka konani, mkia unacheza, kalala. Nikamwita. Nikamtingisha. Nikamwambia Onesphory usingizi tu, acha kelele. Hakucheka. Kaleta mkokoteni, tumeenda Gerezani, nyuma ya gereji. Kachimba yeye. Mimi jembe lilinishinda. Kaniambia, "Pole sana, Mangi." Mbwa wake mpya hakumleta.

Kwa nini hakumleta? Kuna kitu anapanga.

Jumatatu, 21 Julai

Jana Jumapili stoo imefungwa, nikaingia kwa ufunguo wangu, nikaweka maini konani. Mazoea. Saa kumi na moja sahani tupu, imelambwa inang'aa. Onesphory mwizi!

Leo nimemtega. Mzee kaenda Posta. Nikaweka maini, nikamwaga unga wa ngano sakafu nzima, nikapiga kufuli, ufunguo mfukoni. Nikakaa mlangoni na mgongo kwenye ubao. Onesphory muda wote alikuwa mbele yangu, anapakua marobota, ananiuliza kama nimekula. Mjanja sana huyu.

Ilipopita saa kumi nikafungua. Maini hakuna. Kwenye unga, nyayo za mbwa. Pembeni yake, ndala za kike. Ya kulia imekanyaga vizuri. Ya kushoto imeburuta mstari mrefu. Zimekwenda pamoja mpaka ukutani. Hazijarudi.

Nikachutama pale mpaka magoti yakauma.

Onesphory! Kaazima ndala za dada yake ili nikubali Chuma hayupo. Simo! Nimemwambia usoni. Kaniletea chai.

Nimefagia unga, mstari ule nimeuacha. Kesho nanunua maini ya kutosha wawili. Na piko nyingine. Mvi zitakuwa zishaota tena.