Mafua ya Habimana

Jumapili, 6 Julai

Habimana amepiga chafya. Mara nne! Katikati ya kikao cha ukoo, mbele ya shemeji Scholastika. Sikumpa pole. Nilihesabu tu.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni sawa na ubao uliofutwa. Jumamosi ijayo wakwe wanatoka Nyantakara, kule Biharamulo, kuleta mahari ya Teddy, binti wa marehemu kaka yetu Renatus. Shemeji Scholastika, mama yake, atamtaja msemaji wa ukoo siku ya Ijumaa. Tuko wawili. Mimi, Mwalimu Aristides, miaka thelathini na miwili ya kufundisha Sayansi. Na Habimana, mtoto wa baba mdogo, bwana mifugo mstaafu, ambaye sifa yake ni kuchekesha watu. Mara tatu zilizopita alisema yeye. Mimi nilipewa kazi ya kuonyesha bodaboda pa kuegesha.

Teddy ndiye binti wa mwisho. Baada yake nyumba yetu haina wa kuolewa, na mimi nina miaka sabini na moja. Ni Jumamosi hii au basi.

Chafya nne. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Wengine wamepumzika, mimi nimefanya kazi. Nimechukua karatasi ya manila na kuandika kwa herufi kubwa: MANENO YA KITAALAMU YA HOMA YA MAFUA. Nimeibandika kwenye mlango wa duka la Frednand, ambapo hata asiyetaka kusoma husoma akisubiri chumvi.

Maneno saba, kila moja na maana yake. Virusi: vijidudu vidogo kupita bakteria, haviwezi kuongezeka hadi viingie ndani ya chembe hai za mwili. Antibiotiki: dawa ya bakteria, kwa virusi haifanyi kitu. Dalili: kile mgonjwa anachokihisi, kama homa ya ghafla, kikohozi, maumivu ya misuli. Kipindi cha uatamizi: siku moja hadi nne, virusi viko ndani lakini mtu hajaugua, kama kuku aliyelalia mayai. Chanjo: kinga inayotolewa kabla ugonjwa haujaingia. Karantini: mtu mwenye afya aliyekaa na mgonjwa hukaa kando akiangaliwa. Na la saba, nililolipigia mistari miwili, kutengwa: mgonjwa hukaa peke yake siku saba tangu dalili zianze.

Jumapili hadi Jumamosi ni siku saba. Hesabu safi kabisa.

Nesi Ildefonsa wa zahanati alipita, akasoma yote, akasema siku hizi ni nadra kuona maelezo yaliyonyooka namna hii. Nilimwambia asante, ni mazoea.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi! Shemeji Scholastika amesoma karatasi na kuagiza Habimana asitoke kwake. Alisema hataki wakwe wapelekewe binti pamoja na kikohozi.

Habimana alinipigia simu, sauti kama debe lililotoboka. Aliuliza kama nimemfungia ndani kama kuku mwenye kideri. Nilimjibu kwa upole kwamba ni sayansi. Akasema, "Sawa, kaka. Sayansi haina ndugu." Nilikubaliana naye.

Jumatano, 9 Julai

Jambo moja linanisumbua. Hotuba yangu ina hoja kumi na moja na haina kicheko hata kimoja. Domisiana, mke wangu, aliisikiliza hadi hoja ya nne, kisha akakumbuka mbuzi.

Kwa hiyo nimekwenda kumjulia hali Habimana. Wagonjwa hutembelewa; ni utu. Na kama mgonjwa atataja methali alizokuwa amejiandalia, je, nizibe masikio?

Nilimkuta nje kwenye jua, blanketi begani, chungu cha pombe ya mtama miguuni. Alivuta kwanza mwenyewe, kama mwenye nyumba anavyopaswa kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu, kisha akanipa mrija wake. Mrija uleule. Sasa, kukataa mrija wa mwenye nyumba ni kumtangaza mchawi. Nikafikiri haraka, kisayansi: alkoholi huua virusi. Pombe ina alkoholi. Nikavuta.

Methali zilikuwa tatu na nilivuta kwa kila moja. Ya tatu aliikatiza kwa kikohozi, nikasubiri, nikaipata yote. Akaniuliza kwa nini naandika kiganjani. Nikasema ni orodha ya sokoni.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya mazoezi migombani mara tano. Methali zinakaa vizuri mdomoni mwangu kuliko mwake. Koo linakwaruza kidogo, ni mazoezi. Jioni macho yakawa mekundu na mgongo ukauma. Domisiana akatamka neno mafua. Nilimweleza tofauti ya mafua na mzio, yaani mwili kukataa kitu kama vumbi la kiangazi. Nilieleza vizuri sana. Akaniwekea blanketi la pili.

Ijumaa, 11 Julai

Kikao. Shemeji Scholastika akasema Habimana anaumwa, kwa hiyo msemaji ni Mwalimu. Mimi! Watu wakapiga makofi. Nilisimama kushukuru.

Ndipo Teddy akasema baba mdogo Habimana yuko kwenye simu na anaomba neno. Wakaweka sauti kubwa. Habimana akanipongeza, sauti yake imeshapona kabisa. Kisha akaomba Teddy asome neno la sita kwenye karatasi ya Mwalimu. Karatasi ilikuwa hapohapo. Frednand alikuwa ameibandua aje nayo. Teddy akasoma: mtu mwenye afya aliyekaa na mgonjwa hukaa kando akiangaliwa.

"Tulifunga minada kwa neno hilo," Habimana akasema. "Ng'ombe mzima aliyelala zizi moja na mgonjwa haendi mnadani. Sasa muulizeni kaka, Jumatano alikunywa kwa mrija wa nani?"

Kelele. Nikainua mkono kama darasani na kungoja kimya. Nikawaeleza, kwa utaratibu, kwamba wanachanganya maneno. Karantini ni ya mtu asiye na dalili. Mimi hainihusu hata kidogo, maana mimi dalili ninazo tangu jana: homa, koo, na mgongo.

Waliokaa karibu nami wakasogeza viti. Ndipo nikaelewa nilichokisema.

Nesi Ildefonsa akaitwa, akanipima joto: thelathini na nane nukta tisa. Nikamkumbusha alkoholi. Akasema inayoua virusi ni ile kali ya kusafishia mikono. Pombe ya mtama ingehitaji muujiza. Nikasema basi naye Habimana siku saba zake hazijaisha. Mkewe Adventina akasema homa ya mumewe ilianza Ijumaa ya wiki jana. Kumbe mimi nilikuwa nimehesabu tangu chafya ya Jumapili. Siku saba ziliisha jana, na homa ilimwachia tangu juzi.

"Shemeji," Scholastika akaniambia kwa huruma, "karatasi umeandika wewe."

Jumamosi, 12 Julai

Niko chumbani. Uji wangu, kikombe changu, mrija wangu peke yangu. Kupitia dirishani nasikia kila kitu.

Nilidhani Habimana atasema methali zake. Hakusema hata moja. Alifungua karatasi yangu! Akawaambia wakwe kwamba mapenzi ni virusi: antibiotiki haisaidii. Kwamba kipindi cha uatamizi cha vijana hawa kilikuwa miaka miwili, sisi wazazi hatukujua, hadi dalili zilipoonekana: kijana wa Nyantakara anapanda mlima hadi hapa kwetu Ngara kila siku ya soko, na hanunui kitu. Kwamba chanjo tulichelewa. "Basi kilichobaki ni kuwatenga pamoja," akasema, "na si kwa siku saba." Wazee wa Nyantakara walilia kwa kicheko. Mmoja aliomba anukuu.

Maneno yangu! Mpangilio wangu!

Baadaye Teddy alinipitishia sahani dirishani, kitambaa kimefunika pua na mdomo. Akasema, "Baba mkubwa, leo wamecheka kwa maneno yako." Nilimwambia arudi nyuma hatua mbili. Machozi yalikuwa yananitoka. Ni dalili ya kawaida.

Jumapili, 13 Julai

Homa imeshuka. Akili imekaa sawa. Nimegundua kosa: halikuwa la mpango, lilikuwa la ugonjwa. Nilichagua unaoambukiza.

Harusi ni Septemba, na harusi nayo ina msemaji. Domisiana ametoka kanisani, anasema Habimana alilalamikia goti. Goti! Nimemtuma kwa Frednand alete karatasi nyingine ya manila. Kichwa cha habari tayari ninacho: MANENO YA KITAALAMU YA MAGONJWA YA VIUNGO.

Kesho nakwenda kumjulia hali. Siku saba? Hizo ni za wagonjwa wa kawaida. Akinipa mrija, nitavuta. Goti haliambukizi.