Siku Nne za Kuadimika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemwona mwanangu. Kwenye simu ya fundi simu! Kapaka rangi ya mdomo, anawafundisha wafanyabiashara kutangaza bidhaa. Fundi anasema ana wafuasi elfu arobaini. Elfu arobaini! Na mimi niliyemzaa niko hapa na cherehani yangu, wiki ya sita hajanipigia.

Nikamwambia fundi aandike pale chini: Umekonda, kula. Jibu likaja papo hapo: Asante mdau wetu, endelea kutufuatilia.

Mdau! Miezi tisa tumboni, leo mdau.

Fundi akasema, bibi, hajui kuwa ni wewe, si umetumia simu yangu? Mbona humpigii? Nikamwambia ashone kwanza zipu ya suruali yake ndipo anifundishe. Mkubwa hapigi, hupigiwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijitembezi mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kwa fundi. Somo jipya! Mwanangu kasema usimkimbilie mteja. Bidhaa inayopatikana kila saa watu huizoea. Iadimishe, uone watakavyoitafuta.

Nikapiga paja. Kumbe ndipo nilipokosea! Napatikana mno. Simu yangu iko wazi mchana na usiku kama mlango wa hospitali. Nani atamtafuta mtu wa hivyo?

Nyumbani nikalitoa gauni ninalomshonea mjukuu, mtoto wake, la manjano. Sijui ana urefu gani sasa. Mara ya mwisho alinifika kiunoni. Nimeacha upindo wa vidole vinne.

Jumatano, 5 Machi

Nimezima simu. Nimeitia kwenye kopo la vifungo, nikafunika.

Jirani akauliza mbona simu yangu haiiti. Huyu namwita Mama Spika, maana mwanawe akipiga anafungulia spika ya simu mtaa mzima usikie anavyopendwa. Kila Jumapili! Binti yangu anayo namba yake tangu nilipougua. Basi nikamwagiza: atakayeniulizia, mwambie nimesafiri. Akauliza wapi. Nikamwambia hayamhusu.

Ijumaa, 7 Machi

Kopo linanitazama. Mkono umeingia humo mara tatu, mara zote nikatoa kifungo. Nina vifungo vitatu mezani visivyo na shati.

Jioni Mama Spika kaja. Binti yako kapiga kwangu, kasema. Nikajifanya natunga uzi. Tundu la sindano likanikimbia. Nikauliza, umemwambiaje? Ulivyoniagiza, akasema. Umesafiri, na wapi hayamhusu.

Ananitafuta! Nimekula sahani mbili. Mama Spika akasema basi washa simu, mama wee, mtoto ana wasiwasi. Nikamwambia yeye biashara haijui. Bei ndiyo kwanza inapanda, mimi niishushe?

Jumapili, 9 Machi

Nimewasha. Simu ikatetemeka mpaka vifungo vikacheza. Amenipigia mara kumi na moja! Kisha ujumbe. Nimeusoma polepole, kwa kidole.

Mama, nilipata Jumamosi moja tu ya mapumziko, nikataka kumleta mtoto akuone. Kwa kuwa umesafiri tumempeleka kwa bibi yake mwingine. Ukirudi nipigie, tafadhali.

Jumamosi. Jana! Jana nilikuwa hapa hapa, nafagia makombo ya uzi.

Na kwa bibi mwingine! Yule mama yake mkwe wangu, asiyejua hata kubandika kifungo!

Picha ya mjukuu imetumwa kwa Mama Spika, simu yangu ya vitufe haipokei picha. Meno mawili ya mbele hayapo. Anacheka. Kavaa gauni jekundu la dukani, upindo umekwenda upogo, naona hata kwenye picha. Amemfika yule bibi kifuani. Kifuani!

Nimekwenda kwa Mama Spika kuazima chumvi mara tatu. Chumvi ninayo. Mara ya tatu hakuniuliza, alinipa simu tu, akaenda kuanua nguo zake.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi simu kasema, bibi, mtoto kakuomba umpigie, bonyeza hapa tu. Kidole kikafika kwenye kitufe. Kikakaa. Nikakirudisha.

Hawa watu hawajui hesabu. Wiki sita napatikana, hakuna simu hata moja. Siku nne nimeadimika, simu kumi na moja! Somo la mwanangu ni la kweli, na hicho kichwa kakitoa kwangu. Kosa ni kwamba siku zilikuwa chache.

Kuanzia kesho nazima wiki mbili. Mama Spika nimemwagiza aseme safari hii nimekwenda mbali zaidi. Akanitazama tu. Wivu.

Gauni la manjano nimelifumua, nikaongeza kitambaa. Upindo sasa vidole sita. Mtoto anarefuka upesi, na mimi nitakuwa safarini.