Kompyuta ya Tanuri la Korosho

Jumanne, 8 Julai

Kompyuta ya tanuri imekufa! Saa tatu asubuhi, bila kuaga. Ndiyo inayosoma joto na kuwasha na kuzima hita. Bila yake korosho hazikauki, zisipokauka ganda jembamba la ndani halitoki, na wamenyaji arobaini wanakaa kwenye meza tupu wakisimuliana ndoto. Mke wangu Raudha ni mmoja wao.

Mama Albina, meneja wetu, ameniita ofisini. Amesema nitafute kompyuta nyingine, iliyo imara, na nikipatia atanithibitisha kuwa Mkuu wa Mitambo. Nimekaimu nafasi hiyo miaka mitatu. Nachingwea nzima inajua kwamba mimi ndiye Mkuu wa Mitambo, maana niliwaambia mwenyewe. Raudha nilimwambia tangu mwaka juzi. Sikudanganya. Niliutanguliza ukweli.

Jumatano, 9 Julai

Edina amekuja na karatasi. Ni fundi umeme, binti wa Ruangwa, ana miezi minne tu hapa kiwandani. Heshima anayo, shikamoo yake ni ya kuinama kabisa. Tatizo ni karatasi zake.

Kasema kompyuta ya kiwandani haichaguliwi kwa sura wala kwa mbio. Itafutwe iliyofungwa pande zote vumbi lisiingie. Isiwe na feni. Ivumilie joto. Umeme ukikatika na kurudi, ijiwashe yenyewe. Na vipuri vyake viwepo hata baada ya miaka kumi. Ya namna hiyo inaagizwa Dar, inafika baada ya siku tisa.

Nilimuuliza, kwa upole, kama kompyuta isiyo na feni inapumulia masikio. Meza yote ya wamenyaji ikacheka. Raudha hakucheka. Alitaka kujua watakaa siku tisa bila kazi? Edina akajibu kwamba ni heri siku tisa mara moja kuliko kusimama kila wiki.

Hapo nikasimama nikatangaza: siku mbili! Sijui ilitoka wapi. Mdomo huu utakuja kuniponza.

Alhamisi, 10 Julai

Ruangwa, kwa gari la alfajiri. Nimeingia duka la Mikidadi, anayeuza simu na kompyuta karibu na soko. Nikaiona. Ubavu mmoja kioo kitupu! Feni tatu! Taa za bluu zinazozunguka! Mikidadi alisema vijana wa mjini wanacheza mpira kwenye kompyuta za aina hiyo, haigandi hata kidogo.

Nilimhoji kitaalamu. Je, itaweza kazi ya kiwandani? Akafikiri. Akasema chombo kinachokimbiza wachezaji ishirini na wawili dakika tisini, na refa juu, hakiwezi kushindwa na tanuri moja lililosimama. Sikuona pa kumpinga.

Nimerudi nimeipakata kama mtoto.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Nimeifunga kwenye kile chumba kidogo kando ya tanuri. Taa zikawaka, wamenyaji wakapiga vigelegele. Mama Albina aliuliza taa zina kazi gani. Nikamwambia zinaonyesha afya.

Korosho zikakauka, meza ikajaa, kazi ikaendelea hadi jioni. Edina alizunguka chumba akitazama. Sipendi anavyotazama. Anaweza kunibadilishia kitu halafu sifa ziwe zake. Nimenunua kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwangu na hautoki.

Jumamosi, 12 Julai

Umeme ulikatika saa nne. Ukarudi baada ya dakika kumi. Kompyuta haikurudi. Inataka mtu aibonyeze kitufe! Kitufe kiko ndani, chumba kina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mimi niko kwa Mama Scholastika nakunywa chai na maandazi, nikiwaeleza watu jinsi kompyuta inavyochaguliwa.

Walinitafuta karibu saa nzima. Trei zote za kwanza zilipoa zikarudiwa upya. Edina alisema taratibu kwamba ndiyo maana aliandika ijiwashe yenyewe. Nikamjibu kwamba mashine nzuri humsubiri bwana wake. Akarudi kwenye trei zake. Raudha alitembea hatua kumi mbele yangu, njia nzima hadi nyumbani, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumatatu, 14 Julai

Vumbi. Feni tatu zinavuta vumbi lote la maganda ya korosho na kulirundika ndani. Kioo hakionyeshi tena kitu. Mashine inanguruma kama ya kusaga mahindi. Mchana ikaganda, hita zikabaki zinawaka, na korosho za tanuri zima zikaungua. Mama Albina aliishika moja, akaitazama, akanitazama mimi, akaiweka chini.

Edina aliniambia Kaka Swalehe, tuizime, tuisafishe kwa brashi, nusu siku tu. Nusu siku! Wote waone kwamba kompyuta yangu haijamaliza hata wiki?

Nilikuwa natembea kurudi nyumbani na mawazo yangu nilipomkuta jirani yetu Kipriani anapulizia mikorosho yake salfa, ile dawa ya ukungu. Mashine mgongoni, bomba juu, upepo unafika kileleni kabisa, unga wa njano unatanda kila tawi. Nikasimama. Upepo ule! Kinachofika kileleni mwa mkorosho kitashindwa na kasanduku? Ni dakika moja!

Kipriani amekubali kuniazima. Amesisitiza nikung'ute tangi na bomba kwanza, salfa hubaki. Sawa, sawa.

Jumanne, 15 Julai

Sikukung'uta.

Niliwahi kabla ya wengine. Nikafungua kioo, nikavaa mashine mgongoni, nikavuta kamba, nikaelekeza bomba. Chumba chote kikawa njano! Sikuona kompyuta, sikuona ukuta, sikujiona mikono. Taa za bluu zikawa kijani, kisha zikazimika. Upepo ukafungua mlango na unga ukatoka nje hadi kwenye trei sita za korosho zilizokuwa zinangoja kufungashwa.

Edina alifika akikimbia. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kukata umeme wa jengo zima. Baadaye ndipo akanieleza kwamba salfa inashika moto, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye hita. Sikuwa nimewaza hilo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia: niliogopa sana.

Lakini Mama Albina alipofika, mdomo ukanitangulia. Nikasema ni msimu wa kupulizia, mama, upepo umeleta salfa kutoka mashambani. Akaniuliza imepitaje mlango wenye kufuli. Nikaanza kumweleza habari za pepo za kusi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nitue kwanza ile mashine. Bado nilikuwa nimeibeba mgongoni.

Trei sita zimetupwa. Wamenyaji arobaini wamerudishwa nyumbani. Kitumbua changu kimeingia mchanga, au tuseme salfa.

Jioni Raudha aliniosha kichwa mara tatu. Alipofika mara ya tatu akasema, Baba Shamimu, najua hukuthibitishwa. Amejua siku zote, orodha ya wafanyakazi imebandikwa mlangoni mwa stoo na yeye anasoma. Akasema hajawahi kuona haya kuwa mke wa anayekaimu. Leo ndiyo ameona haya, wenzake walipokuwa wanafunga khanga zao kurudi nyumbani saa mbili asubuhi. Iliniuma. Bado inauma.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa Mama Albina nikasema yote. Ya kufuli, ya bomba, ya upepo wa uongo. Nikamwomba aagize kompyuta ya Edina. Kumbe iliagizwa tangu Jumatano iliyopita! Edina alimwomba waiagize iwe ya akiba, mimi nisijue, nisije nikajisikia vibaya.

Mpaka ifike, tumekuwa kompyuta sisi wenyewe. Edina anasoma kipimajoto, mimi naziwasha na kuzizima hita kwa mkono. Kisha tunabadilishana. Tangu tumalize kufagia unga hadi jioni sikwenda hata kunywa chai. Meza ya wamenyaji imejaa tena. Raudha amenitumia chapati kwa mkono wa mwenzake.

Ijumaa, 18 Julai

Kimefika. Kisanduku cha kijivu, kibaya cha sura, bati tupu lenye matuta matuta mgongoni. Hakina taa za maana. Umeme umekatika mara mbili leo, na mara zote mbili kimejiwasha chenyewe kabla sijanyanyuka kitini.

Edina ndiye Mkuu wa Mitambo. Mama Albina alitaka kunihamishia getini, lakini Edina amemkatalia. Amesema siku tatu hizi hakuona mtu mwingine aliyekaa na kipimajoto bila kuinuka, na kwamba anataka mimi niwe msaidizi wake. Nimelia mbele za watu. Sijali.

Ametoa agizo moja tu: kisanduku kisifunguliwe.

Jumapili, 20 Julai

Edina amekwenda Ruangwa kuwasalimia wazazi wake, anarudi kesho saa tano. Ameniachia kisanduku, leo na kesho asubuhi. Ameniamini! Sitamwangusha.

Nimekigusa mgongoni baada ya adhuhuri. Kina joto! Nimempigia simu. Akacheka, akasema ndivyo kilivyoundwa, joto linatoka nje kupitia yale matuta, nisihangaike.

Binti mzuri, lakini bado mdogo. Kimefungwa pande zote, hakina hata tundu moja. Wenye kiwanda huko walikokitengeneza wamejisahau, na yeye kwa ugeni wa cheo anaona aibu kusema. Msaidizi ni wa nini basi?

Agizo lake naliheshimu. Sitakifungua. Alfred seremala ameniazima drili. Matundu mawili tu, madogo, asubuhi kabla hajafika. Atanishukuru.