Mkaa wa Sandukuni

Leo nimeadhirika, shoga zangu. Tena mbele ya wakwe! Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana hapa Kisarawe maneno hayangoji mvua ikatike.

Mnalijua sanduku langu la nguo. Juzijuzi chupa ya mafuta ya taa niliyoificha mle ndani ikavuja. (Siku hizi za vita mafuta ya kutafuta, nani asingeficha?) Kanga zote zikanuka kibatari. Kuanika siwezi, masika hii. Nikajaza mkaa kikapuni, nikautia sandukuni, nikafunga. Mkaa una vitundu vidogo vidogo, unakunywa harufu. Hilo alinifundisha mama yangu. Nilipofungua, harufu hakuna. Nikajisifu mtaa mzima. (Mlinisikia.)

Basi leo wamekuja watu wa Kibaha kumposa mjukuu wangu Mwanaidi. Msemaji wao ni shangazi wa kijana, mwanamke mnene, msafi, na nimeambiwa nyumba moja alishaikataa kwa sababu ya vumbi kitandani tu. Mvua imewanyeshea njiani, kanga zimewaganda mwilini. Nikasema hawa niwafukize udi, wakauke na wanukie, wajue wamefika kwa watu.

Mkaa wa jikoni umelowa chapachapa. Nikaenda sandukuni.

Mwanaidi akaninong'oneza, "Bibi, huo si ule uliokunywa mafuta ya taa?"

"Umekunywa, umemaliza. Mkaa ni mkaa. Lete chetezo."

Nikaukoka. Kwanza ukatoa mvuke tu na kulialia, maana nao ulishanyonya unyevu wa masika. Shangazi akasimama juu ya chetezo, kanga kaitandaza kama hema ili moshi umwingie vizuri. Nikatia udi wangu wa mwisho (ule niliouweka tangu harusi ya binti yangu). Nikapepea. Mkaa ukashika.

Jamani! Harufu yote ya sandukuni ikatoka kwa pamoja, ikaingia kwenye kanga ya shangazi. Wageni chafya juu ya chafya. Mimi nimeduwaa, upepeo mkononi. Harufu si iliisha? Si nilinusa kwa pua yangu hii? Sasa ilikuwa imekaa wapi?

Shangazi akanusa bega. Akanusa kanga.

"Udi wa wapi huu, bibi?"

Badala ya kunyamaza (kiburi hiki kitaniua), nikajibu, "Wa Unguja."

"Unguja siku hizi wanajifukiza taa?"

Wenzake wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mwanaidi yuko nyuma ya mlango, namsikia analia. Nikaona posa ya mtoto wa watu nimeiua kwa mkono wangu. Basi nikamwaga yote: chupa, sanduku, kikapu, na jinsi nilivyojisifu. Shangazi akasikiliza bila kupepesa. Halafu akajiachia mkekani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ile ile kanga, macho yakamwasha, akacheka tena.

"Mwanaidi tunamchukua," akasema alipopata pumzi. "Ila mkaa atatumia wa kwetu."

Posa imepita, alhamdulillahi. Wageni wameondoka wakinuka kibatari, na mimi hapa nakigeuzageuza chetezo na bado sielewi.

Mkitaka kucheka, chekeni majumbani kwenu. Lakini mkikutana na shangazi njiani, nawaomba, asiwashe mtu kiberiti.